Twisti ya mtutu: acheni kuniuliza "ipi ni bora"

Mwangaluka. Meseji za wiki hii ni nyingi na nusu yake swali ni lile lile la twisti, yaani mikato iliyochongwa ndani ya mtutu inazungusha kichwa cha risasi kwa kasi gani ili kitulie hewani, kwahiyo nimechagua chache, na ambaye hajaliona lake asome la jirani, huenda ndo hilo hilo.

*Msomaji, Igoma: Mkuu, kwa wanyama waharibifu wadogo twisti nzuri ni 1 kwa 7 au 1 kwa 12?*

Nzuri kwa risasi ipi? Mnanichosha na hili jamani. Mtu anaanza na twisti, afu anatafuta bunduki, afu anabeba risasi yoyote aliyoikuta dukani, mnyama ndo anakuja kufikiriwa mwisho kabisa. Geuza. Mnyama akuchagulie kichwa cha risasi, kichwa kikuchagulie twisti. 1 kwa 12 maana yake kichwa kinazunguka mara moja kamili kila kikisogea inchi 12 ndani ya mtutu, basi, hakuna uchawi. Namba ikiwa ndogo mzunguko ni wa kasi zaidi. Na kinachodai mzunguko ni UREFU wa kichwa, sio uzito, watu wanataja greni (kipimo cha uzito wa kichwa) kwa vile kwenye kaliba moja kizito huwa ndo kirefu, lakini vichwa vya shaba tupu ni virefu kuliko vya kawaida vya greni zile zile, na hapo ndo wengi wanaaibika. Greenhill, Mwingereza, alishatoa hesabu yake toka 1879: chukua 150, zidisha na kipenyo mara kipenyo, gawanya kwa urefu wa kichwa, vyote kwa inchi, jibu ndo twisti yako. Risasi ikipita futi 2,800 kwa sekunde tumia 180 badala ya 150.

Kwa raifo ya kaliba ya .223, vichwa vya kawaida vya greni 40 mpaka 55 vinaridhika na 1 kwa 12. 1 kwa 9 inakufikisha kwenye greni 69 hivi. 1 kwa 8 na 1 kwa 7 ni za vile virefu vya masafa, ambavyo kwa mnyama mdogo wa mita 150 huvihitaji. Hizi hadithi za twisti mnazozisoma zinatoka kwa Wamarekani wanaopiga wale kuchakulo wao wa mbugani, uwanda mtupu, umbali mrefu. Wewe uko Igoma kaka.

*Msomaji, Sengerema: Nina raifo ya .22-250 ya zamani ya marehemu mzee, karatasi zote ziko sawa. Nimeiwekea greni 75, matundu kwenye shabaha yanatoka marefu kama kichwa kimeingia ubavu. Mtutu umekufa?*

Haujafa. Kichwa kimeingia ubavu kweli, umeona vizuri. .22-250 nyingi za zamani ni 1 kwa 14, zilitengenezwa kwa vichwa vifupi vya kasi, ukiipa kirefu kinayumba kama pia iliyoishiwa nguvu. Rudi greni 50 au 55, zenye kitako bapa kama unazipata, na hiyo bunduki itakushangaza.

Usijione mjinga, kosa hili limewahi kuwapata wenye viwanda. Remington walitoa .244 yao mwaka 1955 na twisti ya 1 kwa 12, wakifikiria zaidi wapiga wanyama wadogo, mwaka huo huo Winchester wakaja na .243 ya 1 kwa 10 iliyobeba greni 100 bila shida. Wanunuzi wakakimbilia .243. Remington wakaja kubadilisha twisti na hata jina, ikawa 6mm Remington, wapi, watu walishahama. Hata M16 za mwanzo, bunduki za jeshi la Marekani, zilikuwa 1 kwa 14, zikapelekwa 1 kwa 12 kwa sababu kwenye baridi kali hewa ni nzito na kichwa kikawa hakitulii. Sisi huku tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, afu joto, hewa ni nyepesi, kwahiyo risasi inayotulia kwa kubahatisha Mwanza inaweza kukuumbua ukishuka nayo pwani.

*Msomaji, Ukerewe: Shikamoo mzee. Je nikitumia vile vichwa laini vya kupasuka kwenye 1 kwa 7 kuna tatizo?*

Marahaba mwanangu. Swali zuri hili, angalau umefikiri. Chukua kasi kwa futi kwa sekunde, zidisha 720, gawanya kwa twisti. Futi 3,200 kwenye 1 kwa 12 inazunguka mara 192,000 kwa dakika. Kwenye 1 kwa 7 inafika kama 329,000. Koti jembamba la shaba halivumilii hiyo, kichwa kinaweza kusambaratika hewani, utaona kamoshi ka kijivu njiani na kwenye shabaha hakuna kitu, afu utaanza kuilaumu darubini. Vichwa vigumu vyepesi havina shida sana humo.

*Msomaji, Magu: Kwelea kwelea wanamaliza mpunga, nichukue twisti gani?*

Raifo kwa kwelea kwelea? Hapana kaka. Nenda kwa afisa kilimo.

*Msomaji, Misungwi: Tumbili na nguruwe pori wamenimalizia mahindi, kibali cha silaha ninacho, naomba risasi moja ya kuwamaliza wote.*

Haipo. Kichwa cha kupasuka ukimpiga nacho nguruwe kinalipukia kwenye ngozi na nyama ya bega, anakimbia na kidonda anakufa siku ya tatu au anarudi na hasira, huo ni ukatili. Na kibali cha silaha sio kibali cha kuua mnyamapori, ni vitu viwili, anza kwa afisa wanyamapori wa wilaya.

Afu hujaniuliza ila nakwambia, nyuma ya hao tumbili kuna nini? Huku kwetu jibu karibu kila siku ni jiwe. Nimewahi kuwa na mwenzangu aliyefyatua .22 ndogo kuelekea mwamba, tukasikia ikirudi inalia juu ya vichwa vyetu kama nyuki, tulilala chini na shati zetu nyeupe. Watu wanadhani .22 ndogo ni salama kwa kuwa inakwenda polepole, kumbe ule uzima wake ndo unaifanya idunde, kichwa cha kasi chenye koti jembamba mara nyingi kinasagika kwenye udongo. Kwenye jiwe simwamini yeyote. Maji ya ziwa nayo yanarusha risasi kama mtoto anavyorusha kigae, na kule mbele kuna mitumbwi ya watu. Kama nyuma hakuna kichuguu au mteremko wa udongo, usifyatue, mahindi yaliwe.

*Msomaji, Kwimba: Gobore langu lina twisti ngapi?*

Sifuri, ndani ni laini halina mikato. Na kama halina karatasi lipeleke kituoni.

*Msomaji, Kirumba: Mtutu wangu haujaandikwa twisti, nitajuaje?*

Toa boliti, hakikisha chemba ni tupu, hakikisha tena. Chukua fimbo ya kusafishia ambayo mpini wake unazunguka kwenye beringi, funga kitambaa kikazane, sukuma mpaka kiingie kwenye mikato. Weka alama juu ya fimbo na nyingine pale inapoingilia mtutuni, sukuma taratibu mpaka alama ya juu izunguke mzunguko mmoja, pima inchi ilizoingia. Rudia mara tatu. Ukipata 1 kwa 19 hujavumbua bunduki mpya, kitambaa kimelegea, kaza uanze upya.