Mwacheni Mzee Atembee

Wiki iliyopita nilipata ujumbe wa msomaji mmoja wa Dodoma. Mama yake ana miaka 74 na ameteleza bafuni. Anadhani hakuvunjika, ila goti limechubuka na nyonga inamuuma. Watoto wamekaa kikao wakakubaliana: mama hapiki tena, hafui, hatoki nje peke yake, na kanisani haendi mpaka apatikane mtu wa kumpeleka kwa gari. Kisha akaniuliza, "Dada, tumemnunulia kochi zuri na televisheni tumemsogezea. Kuna kingine tumfanyie ili asianguke tena?"

Kipo. Kwanza nyonga ipigwe picha, maana mfupa wenye ufa mtu anaweza kuendelea kuukanyaga bila kujua. Picha ikionyesha mzima, mwinueni kwenye hilo kochi.

Najua jibu hilo linaudhi. Mimi nimeitwa mkatili kwa ajili yake, tena na watu wa damu yangu. Lakini mama yangu leo anatembea, na walioniita hivyo wanamwona anatembea, kwa hiyo nina haki ya kusema.

Mama anaishi Tanga, Ngamiani, kwenye nyumba aliyoiacha marehemu baba. Alianguka alfajiri akienda kuchukua udhu. Umeme ulikuwa umekatika, sakafu ya niru imelowa, na miguuni ana kandambili zilizolika soli. Alijikinga kwa mkono, mfupa wa karibu na kiganja ukavunjika, akafungwa hogo. Hayo yalikuwa maumivu ya wiki chache tu. Kilichommaliza ni mapenzi yetu yaliyofuata.

Kaka mkubwa alitoa amri kwamba mama asinyanyue hata kikombe. Akitaka kusimama tu, kila mtu anapiga kelele: "Mama kaa, tunakuletea!" Chai analetewa. Maji ya kunawa analetewa. Sala anasalia kwenye kiti. Hogo likatolewa, mkono ukapona, amri ya kukaa ikabaki palepale. Nilipokuja likizo nilimkuta mwanamke aliyekuwa akienda soko la Mgandini kwa miguu na kurudi na kikapu, sasa hawezi kuinuka mpaka avutwe mikono miwili. Mapaja yamepukutika. Kanga aliyokuwa akiifunga mara moja na nusu sasa inamzunguka mara mbili na inabaki. Na alikuwa ameanguka tena. Hakuangukia bafuni wala uani. Aliangukia palepale kwenye kiti chake, alipojaribu kusimama kumwitikia mtu aliyebisha hodi.

Wapendwa, hapo ndipo nilipoelewa. Mzee haanguki kwa sababu anatembea. Mara nyingi anaanguka kwa sababu miguu imepoteza nguvu na mwili umesahau kujizuia ukiyumba, na vyote viwili vinapotea kwa kukaa. Imepimwa kwamba wazee wenye afya njema wakilazwa kitandani siku 10 tu wanapoteza karibu kilo moja ya misuli ya miguu. Siku 10! Sisi tulimkalisha wetu kwa miezi. Akishaanguka anaogopa, akiogopa anakaa, akikaa anadhoofika, akidhoofika anaanguka. Na familia inayompenda ndiyo inayofunga huo mzunguko.

Si jambo dogo la nyumbani kwetu tu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, wengi wao wakiwa na umri wa zaidi ya miaka 60, na zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo vinatokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani nchi kama zetu. Halafu tunakaa msibani tunasema "ni uzee tu".

Nilimpeleka mama kwa mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi. Kijana mdogo, mpole, akamwita "bibi" na kumwekea kiti kigumu kilichoegemezwa ukutani. Akamwambia akunje mikono kifuani, ainuke na kukaa mara nyingi awezavyo ndani ya sekunde 30. Kipimo hicho kinajulikana: mwanamke wa miaka 70 hadi 79 asipofikisha mara 10, yuko kwenye hatari ya kuanguka. Mama hakuweza hata mara moja bila kutumia mikono. Nilimwona akiangalia magoti yake kama si ya kwake.

Tukarudi nyumbani na mazoezi. Hayana maajabu. Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand, kiliandaa mazoezi ya aina hii miaka ya 1990 kwa wazee kufanyia nyumbani, ya nguvu za miguu na ya kuweza kusimama bila kuyumba, mara tatu kwa wiki pamoja na kutembea, na yalipunguza kuanguka kwa kiasi cha theluthi moja. Sisi tulianza na kuinuka kwenye kiti. Miguu unairudisha nyuma kidogo, kifua kinakwenda mbele mpaka pua ipite vidole vya miguu, ndipo unasukuma. Kukaa ni taratibu, bila kujitupa. Kisha anashika ukingo wa meza ya jikoni na kuinua visigino. Kisha anasimama kwa mguu mmoja, vidole viwili vimegusa meza. Baadaye tulifika kutembea kando ya ukuta kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Mimi au dada wa kazi tunasimama pembeni, karibu ya kumdaka, lakini hatumshiki. Kumshika kila saa ni kumnyima kazi ile ile anayotakiwa kuifanya.

Hapo vita ikaanza. Kaka aliandika kwenye kundi la familia kwamba kuna mtu anamfanyisha mama jeshi. Wifi akajibu kwamba angekuwa mama yake mzazi asingekubali. Jirani mmoja alisimama barazani akacheka, "Bibi unafundishwa kutembea?" Niliingia chumbani nikalia. Sikuwajibu. Ila jioni ilipofika, kiti kilitolewa tena.

Mama mwenyewe ndiye aliyenitia nguvu. Siku moja nilimuuliza kama tuache. Akasema, "Mwanangu, mimi sitafuti riadha. Nataka paji la uso wangu liguse mswala kabla sijafa." Kumbe lililokuwa likimuuma halikuwa mkono wala kuanguka, ni kusujudu juu ya kiti! Tangu siku hiyo mazoezi yakawa na jina. Tuliweka kigoda kando ya mswala. Anapiga goti akishika kigoda, anagusa chini, anarudi. Wiki zikapita, kigoda kikasogezwa mbali kidogo, kikasogezwa tena. Alipoweza, nilikuwa mlangoni: alitandaza viganja viwili, akaleta mguu wa kulia mbele, akasukuma juu ya goti kwa mkono uleule uliovunjika, akasimama wima akatengeneza ushungi na kuendelea na rakaa ya pili kana kwamba hakuna kilichotokea.

Ndiyo maana nawaambia: usimwambie mzee "fanya mazoezi usianguke". Mwulize anataka kurudia nini. Shambani? Jumuiya? Kumbeba mjukuu? Halafu mazoezi yaelekee huko.

Sasa nigusie mengine, maana miguu peke yake haitoshi.

Dawa. Nilimwaga mfuko wote wa dawa za mama mezani kwa daktari. Zilikuwamo pakiti mbili za presha zenye majina tofauti, kumbe dawa ni ileile moja. Kilikuwamo na kidonge cha usingizi cha diazepamu alichonunuliwa duka la dawa. Dawa za usingizi za namna hiyo humlegeza mzee na kumwacha na usingizi hadi asubuhi, na usiku akiamka kwenda chooni ndipo anapodondoka. Daktari alimpima presha amelala, kisha amesimama ndani ya dakika tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, hicho ndicho kizunguzungu anachokilalamikia. Ya mama ilishuka zaidi ya hapo. Dawa zikapangwa upya. Tafadhali, msizikate wenyewe nyumbani. Presha isiyotibiwa inaleta kiharusi, na diazepamu iliyozoeleka haiachwi ghafla. Kazi yenu ni kuzipeleka zote, na kudai apimwe amesimama. Tanzania tuna Sera ya Taifa ya Wazee tangu 2003, mzee ni wa miaka 60 na kuendelea, na hospitali nyingi za serikali zina dirisha la wazee. Liulizieni. Akiamka usiku, akae kwanza ukingoni mwa kitanda, achezeshe nyayo juu na chini, kisha ndipo asimame.

Bafu. Hili nalisema kwa fahari, kwa sababu nilisimama na fundi mwenyewe. Fundi wa kuchomelea alikuja na bomba la inchi mbili, akasema ndilo imara. Nikamwita mama alishike: vidole havikukutana na kiganja, na kitu usichoweza kukifumba mkononi hakikuokoi ukiteleza. Tukachukua la inchi moja. Akataka kulipigilia kwa skrubu fupi kwenye plasta, nikakataa. Alitoboa bloku hadi upande wa pili, bolti zikakazwa na kipande cha chuma kule nje. Likapakwa rangi ya njano ili lionekane kwenye ukuta mweupe, na kabla mama hajaligusa nilining'inia mimi kwa uzito wangu wote. Moja liko kando ya choo, jingine mlangoni mwa bafu, jingine pale anapojimwagia maji. Kwa choo cha kuchuchumaa, tulitengeneza kiti cha mbao chenye tundu. Kandambili nilizitupa, anavaa raba zenye mkanda nyuma. Taa ya kuchaji iko kichwani pa kitanda, na lile busati lililokuwa linakunja pembe mlangoni limeondoka.

Macho yapimwe, mtoto wa jicho hutolewa kwa operesheni fupi, na mzee anayeona kizingiti hakikwai. Chakula kisiwe chai na boflo kutwa nzima. Yai, dagaa, samaki, kunde, maziwa, ndivyo vinavyojenga misuli. Na maji anywe. Wazee wengi hawanywi kwa kuogopa safari za chooni, kisha wanapata kizunguzungu. Bakora, kama anaihitaji, ifike usawa wa kifundo cha mkono, pale kiganja kinapoanzia, akiwa amesimama na mikono imening'inia, iwe na mpira chini, na ashike kwa mkono ulio kinyume na mguu mbovu. Wengi wanashika upande wa mguu unaouma.

Mwezi uliopita tulikuwa na harusi ya mjukuu. Mama alipanda ngazi za ukumbi akishika bomba la pembeni, hakushikwa na mtu. Video ilirushwa kwenye kundi lilelile la familia, mioyo na maua yakamwagika, kaka akaandika "Mashallah mama yetu". Hakuna aliyetaja kiti, wala jioni zile. Sijasahau, na sijaombwa radhi.

Nyinyi mlioko mbali, Muscat, London, Nairobi au Dar, mnaotuma pesa kila mwezi: mnafanya jambo kubwa. Lakini msiagize kwa simu kwamba mama asifanye kitu. Tumeni pesa ya fundi, ya miwani, ya nauli ya kwenda kwa mtaalamu. Na mkipiga simu, msiulize tu "umekula?" Ulizeni "leo umetembea hadi wapi?" Mzee si chombo cha kabatini. Mungu amempa miguu na hakumwambia aistaafishe. Anayemkatia mama yake mboga ambazo mama angeweza kukata mwenyewe asidhani amepata thawabu. Amemnyima siku moja ya nguvu. Mwacheni achambue mchele. Mwacheni afagie uwanja wake. Mwacheni aende kwa shoga yake nyumba ya tatu, mkimfuata kwa nyuma kama mna wasiwasi.

Na mfundisheni kuinuka kutoka sakafuni kabla hajaanguka, angali mzima: ageuke ubavu, ainuke kwa viganja na magoti, atambae hadi kwenye kiti kigumu, aweke mikono juu yake, alete mguu wenye nguvu mbele, asukume, kisha ageuke akae. Akianguka, msikimbilie kumvuta mikono. Mwacheni apumue, mwulizeni panapouma. Lakini akiwa na maumivu ya kinena, au hawezi kukanyaga, au mguu mmoja umeonekana mfupi na umepinduka nje, basi asiinuke. Mtu kama huyo msimkande, msimpeleke kwa fundi wa viungo, msingoje kupambazuke. Nyonga iliyovunjika kwa kawaida inataka upasuaji, na vizuri ufanyike ndani ya siku moja au mbili, kwa sababu kulala chali ndiko kunakoleta nimonia, vidonda vya mgongo na damu kuganda. Mbebeni kwenye ubao au godoro gumu, mguu usichezeshwe, na mumpeleke hospitali yenye daktari wa mifupa usiku huohuo.