Mwanangu, kuhusu Berserk na lile swali lako

Babaangu,

Meseji yako ya juzi nimeisoma nikairudia, nikaona nisikujibu kwa voisi manake hili jambo linataka mtu akae aandike. Umesema mwenzio alichukua tableti yako akafungua Berserk, ile katuni ya Kijapani ya vita na mapepo, akaangukia palepale kwenye yale mambo aliyofanyiwa Casca, yule mwanamke askari, akakuuliza mtu mwenye akili timamu anapendaje kitu kama hiki, we ukakosa la kusema. Sasa unaniuliza mimi kama kuna kasoro ndani yako. Na umeniuliza mimi kwa sababu unajua na mimi nakisoma, tangu uko chuo uliponiachia ile laptopu yako ya zamani.

Kasoro hakuna. Nalisema mwanzo ili usisome yote haya moyo ukiwa juujuu. Lakini na mwenzio hajakosea, alichokiona kipo kweli na kinatisha kweli, wala usimwambie hajaelewa. Mi naona kinachokusumbua ni kwamba unadhani ukikipenda kitabu lazima ukitetee chote, kila ukurasa, na ukishindwa kuutetea ukurasa mmoja basi na mapenzi yako yana walakini. Sio hivyo.

Ngoja nikwambie kilichonishika mimi. Sio upanga wala mapepo. Ni pale Guts, shujaa mwenyewe, yuko mtoto, Gambino aliyemlea anamuuza usiku kwa askari mwenzake, Donovan, kwa vipande vitatu vya fedha. Kurasa chache tu, halafu stori inaendelea, vita, kundi la askari wa kukodiwa la Griffith, urafiki, ushindi, unasoma unafurahi unaona kama lile limeshapita. Kumbe halijapita. Juzuu ya 9, Guts ni jibaba la vita watu wanamuogopa, yuko porini na Casca, watu wawili wanaopendana wako pamoja mara ya kwanza, ghafla macho yake yanaona kitu kingine kabisa na mikono inamkaba Casca shingoni. Anajitoa kwa nguvu, anatetemeka, halafu anasema. Anamwambia yote, ya Donovan, ya Gambino, mwanaume mzima machozi yanamtoka. Na Casca hakimbii, anamsikiliza.

Kazi yangu ya unesi unaijua. Wasichana angalau siku hizi likitokea kuna dawati la jinsia pale polisi, kuna watu wamezoea kuwauliza, ingawa na wenyewe bado wanateseka. Mtoto wa kiume analetwa na mama yake, mama ndo anaongea, mtoto anaangalia miguu yake, na nyumbani kashaambiwa we mwanaume usilie. Wanakua hivyo hivyo, wanaoa hivyo hivyo, halafu mke anashangaa kwa nini mume anaruka akiguswa usingizini. Sasa mimi nikikuta mtu kamchora shujaa wa vita, yule ambaye vijana wote wanatamani kuwa kama yeye, akamfanya alitamke hilo jambo kwa mdomo wake mbele ya mwanamke anayempenda, siwezi kukitupa hicho kitabu. Niliposoma pale nilisimama nikazunguka uani kwanza ndo nikarudi.

Sasa Casca. Hapa nabisha na Miura, aliyekiandika na kukichora, na nitaendelea kubisha. Usaliti wa Griffith naukubali kama kisa, kuwatoa kafara watu wote waliomfuata ili yeye apate utawala wake, bila hapo hasira ya Guts haina mzizi. Hata ubakaji wenyewe, wa Griffith kwa Casca, sisemi usitajwe. Ila zile kurasa za juzuu ya 13 zinaenda mbali mno, jicho la mchoraji linatembea kwenye mwili wa yule dada kama vile kuna mtu amekaa anastarehe kuangalia. Halafu akili inamtoka, na haimrudii mpaka 2018, miaka kama 20 wasomaji wanasubiri, na huyu ndo mwanamke aliyeliongoza kundi zima mwaka mzima Griffith akiwa gerezani! Yaani angalia tofauti, maumivu ya Guts tunayapata kutoka ndani yake, tunajua anawaza nini, ya Casca tunayaangalia tumesimama nje. Hilo ndo linaloniuma kuliko hata damu yote iliyomo. Alipozinduka ndo kidogo nikaridhika, manake Miura hakumfanya apone mara moja, akimuona tu Guts yale mambo yanamrudia mwili mzima unakataa, na mtu mzima anayejua haya mambo anajua hivyo ndivyo inavyokuwa.

Na yale mazimwi ya pangoni na wanawake wa kijijini kwenye juzuu ya 25, pale sina mjadala, naruka. Hata Wyald, yule kamanda katili wa kabla ya kafara, nilimruka. Ilikuwa inatoka kwenye Young Animal, jarida la wanaume watu wazima lenye picha za wasichana na nguo za kuogelea, na Miura alipoanza 1989 alikuwa kijana wa miaka 23, basi unaelewa vimetoka wapi, lakini kuelewa hakuvifanyi viwe vizuri. Kuruka kurasa sio dhambi mwanangu, wala hakuna anayekupa mtihani mwishoni.

Marehemu bibi yako alikuwa anatusimulia za zimwi usiku, zimwi linameza kijiji kizima, wanalikata kidole gumba watu wanatoka, damu mpaka magotini, na sisi tunaomba aendelee. Hatukuwa watoto wabaya. Tulikuwa tunataka kujua kama watatoka. Na wewe na Guts nadhani ni hilohilo.

We mwenyewe umeniandikia kwamba ulipofika pale ulifunga, ukakaa wiki kadhaa hujakigusa. Mtu anayefuata ule uchafu hafungi. Ingekuwa kinyume, unapitisha kurasa haraka ufike kwenye yale tu, hapo ningekupigia simu usiku huohuo na tungeongea mengine. Na nakukumbuka Miura alipofariki, Mei 2021, mshipa mkubwa unaotoka kwenye moyo ulichanika ghafla, miaka 54 tu, ulinipigia sauti imekukauka na swali lako lilikuwa moja, sasa Guts atapumzika lini. Nikajua mwanangu anapenda nini kwenye kile kitabu. Afadhali yule rafiki yake tangu sekondari, Kouji Mori, alikuwa ameshasimuliwa kisa mpaka mwisho, na tangu Juni 2022 anasimamia wale wasaidizi wa Miura wanamalizia. Aliahidi kuandika kile alichoambiwa tu, na mi hilo namheshimu sana.

Mimi ninayempenda kuliko wote ni Farnese, sijui kama nilishakwambia. Binti wa kitajiri, ukatili umemjaa, kazoea kuona watu wakichomwa moto kwa jina la dini, halafu anaishia kumchana Casca nywele na kumlisha, hajui hata pa kuanzia, anashindwa, anajaribu tena. Nimewaona manesi wapya wengi wakianza hivyohivyo, na wengine wakawa wazuri kuliko sisi. Kitabu chenye Farnese ndani yake na zile kurasa za juzuu ya 13 ndani yake ni kitabu kimoja, na mimi nakisoma hivyo, napenda hapa na nakataa pale, na vyote navisema wazi.

Sasa kwa mwenzio. Mwambie hivyo hivyo, kwamba alichokiona kimekusumbua na wewe, halafu mwambie unachokipenda, mwambie habari ya Guts na Casca porini kwa maneno yako. Usimlazimishe asome. Hatujui kila mwanamke amepitia nini, na akisema hataki hata kukiona basi kisikae mezani akija, na usimuulize sababu, akitaka atakwambia mwenyewe. Siku akitaka kujaribu muanzishe juzuu ya 3 pale utoto wa Guts unapoanza, usimpe ya kwanza inavyofunguka vile, na umwambie mapema kabisa ya 12 na 13 zina nini ili achague.

Na ukija likizo hiyo tableti iweke password, mdogo wako yuko form two na keshaanza kuniuliza lile panga kubwa ni la nani. Nimemwambia akimaliza shule tutasoma wote watatu.

Mama