Anti Tujibu: Waini ya kipupwe, kwa hela ndogo usinunue jina kubwa

SWALI: Shikamoo anti. Niko Tabora mjini, Isevya. Sabasaba tunakutana familia nzima kumpongeza baba mkwe amestaafu, wanaokunywa waini watakuwa kama 12 na kazi ya kununua nimepewa mimi, bajeti ni laki 2 basi. Dukani nimekuta za Dodoma, Afrika Kusini, Chile, Hispania, Italia, Ufaransa, nimechanganyikiwa kabisa. Nichukue yenye bei kubwa nipunguze chupa? Halafu na baridi hii ya usiku wanasema nyekundu inatia joto mwilini, ni kweli? – Mama Junior

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera kwa baba mkwe. Tuanze na hesabu maana ndio inayowachanganya watu. Chupa ya kawaida ni mililita 750, inatoa glasi 5 za kiasi, kwa hiyo watu 12 kila mmoja glasi 2 unahitaji chupa 5, weka ya sita ya akiba. Laki 2 gawa kwa 6 unapata kama elfu 33 kila chupa, na hiyo hela inatosha vizuri tu ukijua pa kuipeleka.

Sasa shika hili moja, mengine yote yanatokana na hapo: ukiwa na hela ya kati usinunue chupa ya chini kabisa kutoka sehemu yenye jina kubwa, nunua chupa nzuri kutoka sehemu isiyo na jina. Chukua mfano Bordeaux, sehemu ya Ufaransa yenye jina kubwa la waini: ile ya bei rahisi kuliko zote dukani mara nyingi ni nyepesi, ina ukakasi mtupu na haina ladha ya tunda, umelipia neno Bordeaux kwenye lebo. Hela hiyohiyo ukiipeleka Languedoc kusini mwa Ufaransa, au kwenye Côtes du Rhône ya kawaida, ya kusini hukohuko, unapata waini iliyoiva kwa jua, nzito kidogo, inayokaa vizuri na nyama. Ardhi ya kule haina bei ya wazimu ndio maana.

Na kwa kipupwe unachotaka ni uzito. Tabora mwezi wa saba usiku nyuzi zinashuka mpaka kama 15, upepo mkavu, watu wanakaa kuzunguka jiko la nyama ya mbuzi, waini nyepesi hapo inapotea mdomoni. Geuza lebo uangalie asilimia ya kilevi, kuanzia 13.5 kwenda juu kwa kawaida inakuwa imejaa zaidi kuliko ya 11 au 12, sio sheria ila inasaidia sana ukiwa umesimama dukani na hakuna wa kumuuliza.

Mimi ningeanza na Dodoma, chupa 2, na sisemi hivyo kwa uzalendo tu. Zabibu zililetwa pale na wamisionari wa Kiitaliano miaka ya 1950, na kwa sababu hakuna baridi kali ya kuulalisha mzabibu wanavuna mara 2 kwa mwaka. Ile nyekundu yenyewe, Makutupora, inatoa waini yenye rangi nzito na ukakasi wa kutosha kusimama na mbuzi. Halafu ushuru, waini iliyotengenezwa kwa zabibu za ndani zaidi ya asilimia 75 inatozwa kidogo sana ukilinganisha na iliyoagizwa nje, kwa hiyo hela yako nyingi inaingia kwenye kinywaji chenyewe, na kutoka Dodoma mpaka Tabora ni safari fupi. Ila soma lebo! Nyingi ni tamu au nusu tamu, na kama wazee wanapenda tamu sawa, ila kwa nyama chukua kavu, ile wanaita drai. Dompo iache kwa ajili ya mwisho wa chakula, ni tamu na ina nguvu, glasi ndogo inatosha.

Chupa 2 nyingine Afrika Kusini. Stellenbosch ndio jina la kule na bei yake unaiona, sasa we tafuta zilizoandikwa Paarl, Robertson au Swartland, ni majirani haohao wa Western Cape. Shiraz, aina ya zabibu nyekundu, ya Swartland kwa baridi ni kitu kizuri sana jamani, ina harufu ya pilipili manga. Pinotage nayo ni zabibu ya kwao kabisa, profesa Abraham Perold aliipata mwaka 1925 kwa kuzalisha chotara ya zabibu mbili, Pinot Noir na Cinsaut, nyingine zinakuwa na harufu kama ya moshi, na moshi na nyama choma sihitaji kukueleza.

Hizo 2 zilizobaki gawa. Moja Chile, chukua Carmenère kama ipo. Hii zabibu ilitoka Bordeaux, wadudu waliposhambulia mizabibu ya Ulaya karne ya 19 ikahesabika imekwisha, kumbe ilikuwa Chile inaishi katikati ya Merlot na watu wanaiita Merlot, mpaka 1994 mtaalamu wa Kifaransa alipoitambua shambani. Ni laini, haikwaruzi koo, kwa mtu ambaye hajazoea nyekundu kavu ndio ya kumuanzishia. Ya mwisho Hispania, na hapo tena kwepa jina, badala ya Rioja tafuta Jumilla au Campo de Borja, kule kwenye jua kali na ukame, waini zao ni nzito na bei ya chini. Ukikuta Rioja ya Crianza ndani ya bajeti chukua tu, maana kisheria imeshakaa angalau miaka 2, mmoja ukiwa ndani ya pipa, yaani wamekuhifadhia wao. Ukiikosa ya Hispania, badala yake Italia ningeenda na Montepulciano d'Abruzzo au Nero d'Avola ya Sicily, hizi hazijawahi kuwa na makuu.

Kabla hujalipa, iangalie chupa ilivyoishi, maana hapa kwetu joto linaua waini nyingi kuliko kiwanda kibovu. Iliyosimama dirishani juani miezi usichukue hata kama wamepunguza bei nusu. Kizibo kikiwa kimesukumwa juu au shingo inanata, ilishachemka njiani. Kifuniko cha kuzungusha hakina ubaya wowote, acha kukidharau. Na stempu ya kodi iwepo, simu yako ukiweka ile programu ya TRA ya Hakiki Stempu unaihakiki palepale.

Kuhusu joto mwilini, hapana. Kilevi kinapanua mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi, unahisi moto lakini kwa kweli mwili unapoteza joto lake. Wazee wavae masweta na wale kwanza. Mwenye mimba na anayemeza dawa kama flajili asiguse kabisa, na wasiokunywa wawekee juisi nzuri kwa heshima ileile, sio soda ya kukumbukia dakika ya mwisho.

SWALI: Anti habari za kazi. Niko Kigoma, Mwanga. Huku kwetu hata kipupwe mchana ni joto, na chakula chetu ni migebuka na kuhe. Nyekundu wanasema haiingii friji na samaki haiendani nayo, sasa kipupwe chetu tunywe nini? – Baba Asha

JIBU: Nzuri kaka. Hilo la friji lilitoka kwa watu wenye nyumba za baridi. Nyekundu inataka nyuzi 16 mpaka 18, sebule ya Mwanga saa kumi jioni ni zaidi ya 25, kwa hiyo iweke friji nusu saa ndio uifungue. Ikinywewa ya moto kilevi kinapanda puani na tunda hulisikii.

Samaki na nyekundu yenye ukakasi, kweli haviendani, mdomo unabaki na ladha ya chuma. Kwa kuhe wa kukaanga na ndimu chukua nyeupe ya Chenin Blanc, ndio zabibu inayolimwa zaidi Afrika Kusini kwa hiyo zipo nyingi na bei ni poa, na Dodoma pia wanaitengeneza. Nyeupe ya bei hii haihifadhiwi, chagua ya mwaka wa karibuni. Migebuka wa mawese ndio ana mafuta mazito, huyo anahitaji kitu chenye uchachu wa kukata mafuta, Chenin kavu au rozee kavu, ile ya rangi ya waridi, na usiku kukipoa hata nyekundu nyepesi ya Cinsaut iliyopozwa inakubali. Ila tamu usimpe migebuka, utaharibu vyote viwili.

SWALI: Anti, nimeona watu wa Ulaya wanachemsha waini. Na sisi Tabora asali tunayo, inawezekana? – Dada wa Cheyo

JIBU: Inawezekana mdogo wangu na inafaa sana usiku wa mwezi wa saba. Wajerumani wanaiuza barabarani wakati wa Krismasi. Chukua nyekundu kavu ya bei ya chini kabisa, hapo chupa nzuri ni kuitupa, box la lita 3 ni chupa 4 na linafaa. Kwa kila chupa weka vijiti 2 vya mdalasini, karafuu 5 au 6, maganda ya chungwa bila ile nyeupe yake maana ni chungu, na asali vijiko 3, ya miombo ile nyeusi ina ladha nzito haifunikwi na viungo. Moto mdogo, ikianza kutoa mvuke na kutetemeka pembeni mwa sufuria epua, isichemke, kilevi chenyewe kinachemka kwenye nyuzi 78 kinaruka na karafuu inageuka dawa. Asali weka mwishoni ukishaepua. Chuja, gawa kwenye vikombe vya chai, glasi nyembamba zitapasuka.