Shairi la daftarini

Swali: Nina mashairi daftarini. Kwa nini watu huyasoma hadharani? Sitaibiwa? (Msomaji, Mbagala)

Jibu: Wengi husoma hadharani kwa sababu jicho la mtunzi husamehe kosa ambalo sikio la mwingine halisamehe. Chukua tarbia, shairi la mistari minne kwa kila ubeti: kwa kawaida kila mshororo (mstari) una mizani (silabi) 16, yaani vipande viwili vya 8. Kipande kikiwa na 7, mghani (anayelisoma kwa mahadhi) hulazimika kuvuta sauti na wasikilizaji hulisikia pengo. Kosa jingine ni kuhesabu "mtu" kuwa mizani moja, kipande kikazidi. Ni mbili, m-tu. Makosa ya vina vya kati, yaani silabi za mwisho wa kipande cha kwanza zinazopaswa kufanana, nayo hujificha kwenye karatasi.

Anza na watu watatu hadi watano, beti nne tu. Usieleze maana kwanza, tafadhali! Ukieleza, watasikia maelezo yako badala ya shairi. Waulize wapi walipotea, si kama wamependa. Weka alama hapo, rekebisha, ghani tena.

Kuhusu wizi, Sheria ya Hakimiliki ya Tanzania ya 1999 inalinda shairi lililokwisha kuandikwa, hata bila kusajiliwa. Hata hivyo andika tarehe na uhifadhi rasimu. Usajili COSOTA (Ofisi ya Hakimiliki Tanzania) husaidia kuthibitisha.