Meza ya mtu mmoja: maswali yenu kuhusu kucheza peke yako

Mwezi uliopita niligusia hapa kwamba jioni nyingi nacheza michezo ya mezani peke yangu, na maswali yakamiminika. Nimechukua machache yaliyokuja mara nyingi zaidi.

Mume wangu alinikuta saa tatu usiku nimepanga karata mezani, niko peke yangu, akaniuliza kama niko sawa. Nimjibu nini? (Mama wa watoto wawili, Ntinda)

Mwambie uko sawa, mama, kisha mkaribishe aketi atazame mchezo mmoja. Mtu akisoma kitabu peke yake hakuna anayemuuliza hali. Mtaani kwetu kuna mzee wa omweso, mchezo wa kete unaofanana na bao, ambaye mwenzake akichelewa huanza bila yeye. Anapanga kete zote 64 kwenye mashimo 32, anacheza upande huu, anageuza mwili kidogo, anacheza upande wa pili. Anatafuta njia ambayo jana hakuiona. Wewe nawe ndicho unachofanya.

Ila ukianza kukataa wageni ili ubaki na karata, hapo mume wako atakuwa na hoja.

Sina pesa ya kuagiza maboksi kutoka nje. Naweza kuanza na nini? (Mwanafunzi, Makerere)

Anza na karata zilezile mnazochezea ule mchezo wa matatu. Kuna mchezo unaoitwa Scoundrel, uliotungwa mwaka 2011 na Zach Gage na Kurt Bieg, na hauhitaji kitu kingine zaidi ya pakiti moja. Nitaueleza wote, kwa sababu naupenda na kwa sababu unafundisha haraka kuliko mwingine ninaoujua.

Toa majokari. Toa pia picha zote nyekundu na ree zote mbili nyekundu. Unabaki na karata 44. Nyeusi zote, yaani shupaza na pau, ni mazimwi: namba yake ndiyo nguvu yake, J ni 11, Q ni 12, K ni 13 na ree ni 14. Uru ni silaha. Kopa ni dawa. Wewe una uhai 20, uandike kwenye karatasi.

Changanya, fungua karata nne: hicho ni chumba. Lazima ushughulike na tatu, moja moja kwa mpangilio unaoutaka. Ya nne inabaki na kuingia chumba kinachofuata. Chumba kikikutisha unaweza kukikimbia kwa kuzirudisha zote nne chini ya fungu, lakini huruhusiwi kukimbia viwili mfululizo. Dawa inayofanya kazi ni moja tu kwa kila chumba, na uhai hauzidi 20. Ukichukua silaha mpya, ya zamani inatupwa. Zimwi ukilipiga kwa mikono mitupu unapoteza uhai sawa na nguvu yake yote. Ukilipiga kwa silaha unapoteza tofauti tu. Na hapa ndipo utamu ulipo: silaha ikishaua, huwezi tena kuitumia kwa zimwi lenye nguvu kuliko lile la mwisho iliyoliua.

Tazama chumba hiki: uru 7, malkia wa pau, shupaza 9, kopa 4. Unachukua silaha ya 7. Ukianza na malkia unapoteza 5, kisha 9 inakutoa 2, unabaki na uhai 13 na dawa inakungoja mbele. Ukianza na ile 9 kwa kuwa inaonekana nyepesi, unapoteza 2, lakini silaha sasa haimgusi malkia. Anakutoa 12 zote. Umebaki na 6. Karata zilezile, mkono uleule, mpangilio tu.

Nimepiga hesabu: nguvu za mazimwi yote ni 208, wakati uhai wako na dawa zote kwa pamoja ni 74. Utakufa mara nyingi kabla ya kumaliza fungu, kaka. Usikate tamaa kabla ya jaribio la kumi.

Je, michezo ya kuchapisha mwenyewe inafaa kweli? (Fundi simu, Gulu)

Inafaa sana. Wapo watunzi wanaotoa faili bure. Under Falling Skies ya Tomáš Uhlíř ilianza hivyo, karata tisa za kujichapishia, ikashinda shindano mwaka 2019, na mwaka uliofuata ikatoka kwenye boksi. Ukija Kampala pita Nasser Road, chapisha kwenye manila, na waombe wakate kwa mashine. Mkasi unaacha kingo zinazokutambulisha karata hata ikiwa imefunikwa.

Nimesikia kuhusu "automa". Ni nini, na inafaa kwa mtu anayependa ndege? (Muongoza watalii, Entebbe)

Automa ni fungu dogo la karata linalocheza badala ya mtu. Neno ni la Kiitaliano, na lilianzia kwenye mchezo wa Viticulture, wa mashamba ya zabibu ya Toscana. Wewe ndugu unataka Wingspan ya Elizabeth Hargrave, ya mwaka 2019. Unacheza raundi nne, zamu 8, 7, 6, kisha 5. Kila ukimaliza zamu yako unafunua karata moja ya automa, nayo inachukua ndege, chakula au nafasi uliyoitamani. Ugumu unauchagua mwenyewe: kila karata ya ndege iliyofunikwa inaipa automa pointi 3, 4 au 5.

Uganda ina aina zaidi ya 1,000 za ndege, lakini boksi la kwanza lina 170 wa Amerika Kaskazini. Hutawakuta wa kinamasi cha Mabamba humo. Utafurahi hata hivyo.

Boksi la Pandemic linasema wachezaji 2 hadi 4. Nikishika karata za wachezaji wawili mwenyewe, ni udanganyifu? (Muuguzi, Mbarara)

Hapana, dada. Mchezo huo wa Matt Leacock ni wa kushirikiana: adui ni magonjwa manne kwenye miji 48, kwa hiyo hakuna siri unayojificha. Chukua wahusika wawili, kila mmoja na karata zake mbele yake, na usizichanganye hata siku moja. Matendo ni manne kwa zamu, na karata mmoja anampa mwenzake kwa kanuni tu.

Nakuonya kwa upole. Kampala haimo kwenye ramani, ila Khartoum na Kinshasa zimo, na kuona vipande vya ugonjwa vikijaa hapo si sawa na kuviona kwingine. Uliyekuwa kazini mwaka 2022, Mubende na Kassanda zikiwa zimefungwa kwa ajili ya Ebola, unajua zaidi yangu. Siku ulizotoka zamu nzito, fungua boksi lingine.

Nikigundua katikati kwamba nilikosea kanuni, nianze upya? (Mwalimu, Kasese)

Kama unaweza kurudisha hatua moja bila kubahatisha, rudisha. Kama huwezi, mwalimu, endelea hadi mwisho, lakini usiuhesabu ushindi huo. Mimi nina daftari: tarehe, mchezo, matokeo. Juzi katika Scoundrel nilimaliza fungu lote nikiwa na uhai 2, nikaruka kwa furaha, kisha nikakumbuka kwamba nilikunywa dawa mbili kwenye chumba kimoja. Nimeandika: nimekufa. Kesho yake nilichanganya tena.