Kibo alimpiga Mawenzi kwa bastola: Kiingereza changu nilikiokota mlimani

Mkuu mleta uzi, umeuliza mtu aliyemaliza form four, kabeba mizigo Mlima Kilimanjaro misimu miwili na kozi mbili za Kiingereza zimemshinda, afanyeje aweze kuongea na wageni. Nakujibu kama mgumu mwenzio, yaani mbeba mizigo. Nimebeba miaka minne njia ya Marangu kabla ya kushika wageni mwenyewe, na kozi niliyolipia hapa Moshi mjini iliishia kwenye "I go, he goes". Mwalimu hakuwa mbaya. Shida ni kwamba sikuwa na cha kusema.

Kumbe cha kusema nilikuwa nacho tangu jikoni kwa bibi. Kama wewe ni wa huku unaijua, hadithi ya Kibo na Mawenzi, vilele viwili vya Kilimanjaro: Kibo anatwanga ndizi zilizokaushwa, Mawenzi anakuja kuomba moto, wake umezimika. Anapewa kaa la moto na ndizi juu. Ndizi zikamnogea, akawa anazima moto makusudi ili arudi. Safari ya tatu Kibo akashika mchi. Ndiyo maana Mawenzi mpaka leo ni mapengo matupu.

Sasa jioni moja tuko kambi ya Horombo, mita 3,720, mawingu yamefunguka, Mawenzi huyo hapo. Mama mmoja wa Kiingereza, mwalimu mstaafu, akauliza mbona ule mlima umechongoka vile. Gaidi wetu (guide, muongoza wageni) alikuwa na mgeni anayeumwa kichwa, nikabaki mimi. Nikajikaza: "Kibo angry. He take pistol. He bit Mawenzi."

Mama akaweka kikombe chini. "Kibo had a pistol?"

Nikamwambia yes, big pistol, my grandmother have one in the kitchen.

Alicheka mpaka akatoa miwani. Nilipotwanga hewani kwa mikono ndipo akaelewa: pestle. Na bit ni aling'ata, nilitaka beat. Yaani kwa maneno yangu Kibo alichomoa bastola, halafu badala ya kufyatua akamng'ata mwenzake. Kiswahili kina irabu 5 tu, wenzetu sauti zao za irabu zinakaribia 20, kwa hiyo sikio letu linasikia bit na beat kama kitu kimoja. Hakuna zoezi la darasani lililowahi kunitenganishia sauti hizo. Aibu ya usiku ule ilizitenganisha moja kwa moja.

Nikaendelea kuisimulia kila safari. Hadithi yote ni mambo yaliyopita, kwa hiyo wageni walinirekebisha pale pale: take ikawa took, come ikawa came, give ikawa gave. Maana ninayo tayari kichwani, natafuta neno tu.

Vitendawili navyo usividharau. Mgeni mmoja alinitegea hiki: "What gets wetter the more it dries?" Nimeshuka nacho hadi kambi ya Mandara sijakipata. Jibu ni taulo. Sisi tuna kukauka na kukausha, maneno mawili, huwezi kuyachanganya. Kwao yote mawili ni dry. Taulo linakausha mwili, lenyewe linazidi kulowa, na fumbo limejificha humo humo. Tangu siku hiyo nikisikia dry, open au break, najiuliza kwanza: kimefunguka chenyewe au kuna mtu kakifungua?

Hata spelling inaingia kwa hadithi. Wednesday ilinitesa kwa ile d isiyotamkwa, mpaka nikaelezwa ni siku ya Woden, mungu wa kale wa watu wale kabla ya Ukristo. Thursday ni ya Thor mwenye nyundo na radi. Nami nikawalipa kwa kuwaambia siku zetu nyingi tunazihesabu tu, na tunaanzia Jumamosi. Wageni wanaipenda sana hiyo, utaongea nusu saa bila kujua.

(Hilo neno gaidi lenyewe ni tamthilia. Nilipokwenda kuchumbia, mjomba akauliza binti anaolewa na gaidi wa wapi. Mgeni ukimweleza kwamba kwa Kiswahili gaidi ni mtu wa bunduki, lazima acheke, ila subiri mshafika kambini, usimwambie siku ya kwanza.)

Fanya hivi: chagua hadithi moja ya kwenu, moja tu, isimulie kwa sauti ukiwa peke yako, penye pengo weka Kiswahili, kisha katafute hayo maneno machache. Ukiwa na mgeni, msimulie wakati wa chai, usimkimbilie njiani akiwa anahema. Daftari la mfukoni lisikose.

Kuandika ni habari nyingine. Fomu na mitihani ya leseni havisimuliwi hadithi, na mimi grama ya kuandika nilikaa nayo mezani miezi mitatu ya masika, bila mgeni, bila utani, na sikuipenda.