Binti anaumwa kiuno, kocha anasema ni kukua tu

SWALI: Binti yangu ana miaka 13 na anacheza tenisi saa 20 kwa wiki. Kocha anaamini atafika mbali. Huu ni mwezi sasa kiuno kinamuuma upande mmoja, hasa akipiga servi, ule mpira wa kuanzisha. Kocha anasema ni maumivu ya kukua, katupa dawa ya kuchua na kutushauri tununue mkanda wa mgongo. Mkanda gani unafaa? Na tumpunguzie masomo apate muda zaidi wa mazoezi?

JIBU: Mama, mkanda uache dukani. Maumivu ya kukua hushika miguu yote miwili, jioni au usiku, na asubuhi mtoto anaamka anarukaruka. Hayachagui upande mmoja wa kiuno, wala hayangoji servi.

Mwangalie vizuri anapopiga. Mpira ukiwa hewani, mgongo unapinda kwenda nyuma huku ukijizungusha, na mzigo unaziangukia pingili za chini kabisa za kiuno. Mfupa ambao bado unakomaa ukifanyiwa hivyo siku nenda siku rudi, unaweza kupata ufa. Mchezaji wa umri huo akija na malalamiko haya, hilo ndilo ninalolitafuta kwanza. Sisemi binti yako analo. Nasema hakuna awezaye kulikanusha kwa macho, akiwemo kocha. Asimame kucheza leo, na wiki hii aonwe na daktari wa michezo au wa mifupa. Eksirei ikitoka safi msishangilie, maana ufa mchanga mara nyingi hauonekani humo. Ulizeni kuhusu MRI, kipimo cha picha cha kina zaidi. Ukigunduliwa mapema kwa kawaida hupona kwa mapumziko ya miezi kadhaa na mazoezi ya kuimarisha tumbo na nyonga. Ukipuuzwa, pingili inaweza kuteleza.

Masomo asipunguziwe. Cha kupunguzwa ni hizo saa 20, na hapa ndipo wazazi wanaponichosha. Kipimo tunachokitumia ni chepesi: saa za mchezo mmoja kwa wiki zisizidi miaka ya mtoto. Nikisema hivyo natajiwa Carlos Alcaraz, bingwa wa mashindano makubwa ya tenisi ya US Open 2022 akiwa na miaka 19. Hakuna anayenitajia Jannik Sinner, aliyeshindana kuteleza kwenye theluji hadi alipoamua kushika tenisi peke yake akiwa na miaka 13. Mwaka 2024 alichukua Australian Open. Wala Jennifer Capriati, aliyeingia mashindano ya kulipwa mwaka 1990 kabla hajatimiza miaka 14, na baada ya US Open ya 1993 akakaa nje ya mchezo zaidi ya mwaka mzima. Alirudi na kutwaa mataji makubwa, ndiyo, lakini WTA, chama cha tenisi ya kulipwa ya wanawake, kilishabana kanuni zake za umri. Leo aliye chini ya miaka 14 haruhusiwi kabisa kucheza mashindano yake. Sasa haraka ya nini?

Haraka hiyo ndiyo soko la matapeli. Kuna anayeuza mafuta ya "kulainisha mifupa", kuna anayekanda uti wa mgongo mpaka ulie, na mbaya kuliko wote ni yule anayempa mtoto dawa ya maumivu asubuhi ya mechi ili amalize seti mbili. Dawa hiyo haiungi mfupa. Inamzimia mtoto kengele, naye anazidi kupiga servi juu ya ufa. Ukiona kocha anabeba vidonge kwenye mfuko wa raketi, tafuta kocha mwingine.